Sugu ya Kidole na Alama ya Ubavuni

Ndugu msomaji, naomba nianze na swali ambalo limenikosesha usingizi tangu masika yaliyopita. Hivi ni lazima mtu aumie ndipo ajifunze? Na kama ni lazima, ni maumivu gani hayo, na nani ameyapima? Najua wapo watakaosema swali hili ni la wasomi wa chuo kikuu, na mimi ni kijana wa hapa Ngokolo, Shinyanga mjini, niliyeishia Kidato cha Nne, ambaye kwa mwaka wa tatu sasa anaandika riwaya isiyokwisha. Sawa, nakubali. Sina falsafa ya vitabuni. Nina magitaa mawili tu, na kisa kimoja ambacho sijivunii. Nitatumia nilicho nacho.

Gitaa la kwanza ni la kwaya yetu. Ni gitaa la umeme, la solo, na lilikuwapo kanisani kabla mimi sijazaliwa. Umbo lake ni ubao. Sisemi kwa dharau, ni ubao kweli: umekatwa kwa msumeno, ukachongwa kiuno huku na huku kama namba nane, ukapakwa rangi, basi. Kingo zake ni kama za meza. Ukisimama nalo, ukanda begani, mambo si mabaya sana. Lakini sisi tulijifunza tukiwa tumeketi kwenye benchi, jioni, baada ya mazoezi ya sauti. Hapo ndipo kilio kilipoanza. Ukingo wa juu unakula mkono wa kulia chini ya kiwiko. Ukingo wa nyuma unakaa mbavuni. Mwili wa gitaa unateleza pajani, shingo inainama, na ule mkono wa kushoto unaotakiwa kukimbia juu ya nyuzi unageuka kuwa mkono wa kubeba mzigo. Unapiga huku unabeba. Jaribu kuandika barua huku umeshika ndoo ya maji, utanielewa.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja aliyepiga muziki wa dansi ujanani mwake. Alikuwa na kauli moja tu kwa kila aliyelalamika: "Gitaa lisilokuuma halijakufundisha." Tuliiamini kauli ile kama tulivyoamini Katekisimu. Kila aliyevumilia mwaka mzima alitoka na alama mbili: sugu kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto, na mstari mweusi ubavuni. Tulikuwa tunavua mashati na kuonyeshana ule mstari, jamani, kama watu waliotoka jandoni. Asiyekuwa nao alikuwa bado mtoto.

Gitaa la pili ni langu mwenyewe. Lilitoka machimboni, upande wa Geita, ambako dhahabu ikionekana bendi huanzishwa, na dhahabu ikipotea bendi hufa. Aliyekuwa nalo alipita hapa mjini akirudi kwao mikono mitupu, akaliweka rehani kwa fundi redio, na hakurudi tena. Mimi nikalikomboa kwa fedha niliyoipata kwa kubeba magunia ya mpunga msimu mzima. Nilipolileta kanisani watu walicheka. Lilikuwa limepinda! Kiuno chake cha juu na kiuno chake cha chini havikutazamana. Kimoja kimetangulia na kingine kimebaki nyuma, kama shati lililokosewa kifungo cha kwanza. Mtu mmoja wa sauti ya besi akaniuliza kama limeanikwa juani likiwa bichi. Jina la kiwanda lilikuwa limekwanguliwa kichwani, kwa hiyo naamini ni la kuiga. Lakini nilipoketi nalo kwenye lile benchi letu, nikanyamaza. Lilikaa. Nyuma yake palikuwa pamechongwa bonde, na ubavu wangu ukaingia mle kama kichwa kinavyoingia kwenye mto. Mbele, pale mkono unapopita, ukingo ulikuwa umelazwa. Niliuondoa mkono wa kushoto kabisa kwenye shingo, na gitaa halikuanguka. Kwa mara ya kwanza mkono ule ulikuwa na kazi moja.

Nikatafuta habari za umbo hili, nikagundua kwamba halikutokea kwa bahati. Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, kule Marekani, alianza kuuza magitaa ya ubao mtupu mwaka 1950. Yalipendwa, na mpaka leo yanapigwa. Lakini wapigaji walimrudia na malalamiko: kingo zinachoma mbavu. Mwaka 1954 akatoa Stratocaster, iliyochongwa nyuma ili ubavu upate pa kukaa, na mbele ili mkono upite. Mwaka 1958 akaenda mbali zaidi. Akatoa Jazzmaster, ambayo viuno vyake viwili vimesogezwa visikae mkabala, kwa kuwa alimfikiria mpiga jazi anayefanya kazi akiwa ameketi. Mwaka 1962 ikaja Jaguar, ya umbo kama hilo, ambayo urefu wa nyuzi zake ni inchi 24 badala ya 25 na nusu, na mwaka 1964 ikaja Mustang, kwa ajili ya wanaojifunza.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Huyu Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa! Nimelifikiria sana jambo hili. Mara ya kwanza niliona ni kichekesho, fundi wa viatu asiye na miguu. Baadaye nikaona kwamba pengine ndiyo siri yenyewe. Ubavu wake haukuwa na alama. Hakuwa na chochote cha kujivunia pale. Kwa hiyo mtu alipomwambia "hapa panauma," hakuweza kumjibu "mimi nilivumilia." Ilimbidi aulize panauma wapi, halafu achukue msasa.

Mimi ninayo alama. Na sasa nifike kwenye kile kisa.

Mzee wetu alipozidiwa na baridi yabisi vidoleni, alinikabidhi wanafunzi. Walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu hivi, mwembamba, mwenye sikio ambalo sijapata kuliona. Ukimpigia kipande mara moja, anakuimbia chote, pamoja na pale ulipokosea. Nikampa ule ubao. Baada ya siku chache akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Kaka, naomba nijaribu lile lililopinda." Nikamjibu bila hata kufikiri: "Sisi wote tulianza na ubao, dogo. Hilo utalifikia." Lilikuwa limeegemea ukutani, halina kazi jioni ile. Nasisitiza hilo, msomaji, maana ndipo dhambi yangu ilipo. Sikuwa nalitumia.

Wiki ya tatu hakuja. Jumamosi akaja mama yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Aliniuliza, mbele ya kwaya nzima, "Nani anampiga mwanangu?" Alikuwa ameiona alama ubavuni wakati binti anaoga, na nyingine mkononi. Watu wakanigeukia. Nikasema, "Ni gitaa, mama. Kila anayeanza hupata hiyo." Yule mama akautazama ubao. Kisha akalitazama gitaa langu pale ukutani, akalisogelea, akapitisha kiganja chake kwenye lile bonde la nyuma, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Akauliza, "Na hili nalo linapiga?"

Nikasema, "Hapana."

"Ni la nani?"

Nikasema, "Langu."

Hakusema neno jingine. Akaaga waliokuwapo, akaenda zake. Ningefurahi kama angenitukana.

Usiku ule nilijitetea sana kitandani. Nilisema: gitaa ni langu, nimelitolea jasho, hakuna sheria ya Mungu wala ya serikali inayonilazimisha kumpa mtu. Ni kweli. Nikasema tena: wakubwa wetu walipiga kwa shida na wakawa wakubwa. Hilo nalo ni kweli, na ni hoja nzito, kwa hiyo tuitazame vizuri.

Franco Luambo Makiadi wa Kongo, ambaye OK Jazz yake ilianzishwa mwaka 1956, alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea. Hapa kwetu, bendi nyingi za dansi ziliishi kwa vyombo visivyokuwa vya wanamuziki wenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuja kuwa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo ile DDC iliyotangulia jina lake. Magitaa yalikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji akihama, anahama na vidole vyake tu, gitaa analiacha. Aliyeingia siku hiyo alikuta gitaa limeshachaguliwa, akalazimika kulizoea. Na kwa vyombo vya namna hiyo walitupa muziki ambao mpaka leo ukipigwa kwenye harusi wazee wanaamka vitini. Je, hii si dalili kwamba starehe ya gitaa ni upuuzi?

Nilikaribia kulala na jawabu hilo. Lakini jambo moja likanichoma. Sisi tunawahesabu waliofika. Ni nani aliyewahi kuwahesabu walioacha? Yule binti mwenye sikio lile hayumo kwenye historia yoyote ya muziki, na kama angeachia pale nisingejua kamwe tumepoteza nini. Ningeendelea kusema kwa kifua mbele kwamba ubao unatoa wapigaji imara. Bila shaka unatoa! Kila chujio hutoa kilichopita tundu lake. Wakubwa wale walikuwa wakubwa licha ya kingo zile, na sisi tumekuja kuzisifu kingo kana kwamba ndizo zilizopiga nyimbo.

Hapo nikamkumbuka babu yangu, mkulima wa pamba. Wewe uliyezaliwa Usukumani unajua jembe ni nini kwetu. Tunalilimia, na kwenye ngoma ya bugobogobo tunalichezea, linarushwa hewani na kudakwa. Hakuna anayeweza kumwambia Msukuma kwamba ni mvivu wa jembe. Na bado babu hakumpa mtu mpini bila kumpima. Alikuwa anakupa jembe ulime matuta mawili, yeye amesimama pembeni anatazama mgongo wako. Kisha anakunyang'anya, anauchonga mpini, anaukata, anakurudishia. Mama yangu alikuwa na mpini wake, mimi nilikuwa na wangu. Hakuona kwamba anatudekeza. Alitaka tuchoke na udongo, tusichoke na mpini. Nilikulia ndani ya hekima hii na nikaiacha shambani, sikuileta kwenye gitaa.

Basi hapa ndipo nilipofikia, na nawaomba wenzangu mnaoandika katika kurasa hizi mnipinge kama nimepotoka. Kuna maumivu mawili, na lugha yetu inayaita kwa jina moja, ndiyo maana tunadanganyika. Yako maumivu ya kazi, na yako maumivu ya ubao. Sugu ya kidole ni ya kazi. Nyuzi ni chuma, na hata ukipewa gitaa bora kuliko yote duniani, vidole vitavimba, vitachubuka, kisha vitakomaa, na kwa kukomaa kule vitajua mambo ambavyo havikuyajua mwanzo. Maumivu hayo yanabadilika kuwa ujuzi. Alama ya ubavuni je? Imebadilika kuwa nini? Mimi ninayo mwaka wa saba sasa, na haijawahi kunifundisha hata noti moja. Ubavu hauna kazi kwenye gitaa.

Kipimo changu ni hiki: ondoa hayo maumivu, halafu tazama kama kazi imepungua. Ukiondoa ugumu wa nyuzi, umeondoa gitaa. Ukiondoa ukingo mkali, gitaa limebaki lote. Kijana anayeshuka kwenye duara huko machimboni anajua kwamba mwamba ni mgumu, na hilo hakuna wa kumlaumu. Lakini kamba iliyochakaa anayoshukia si ugumu wa mwamba. Hiyo kuna mtu aliyeamua isibadilishwe. Tunapoyachanganya mawili haya, tunampa yule aliyeamua mahali pa kujificha, naye anajificha nyuma ya neno zuri: uvumilivu.

Na kwa nini mimi, ambaye si mwenye mgodi wala mwenye bendi, nilijificha humo? Nimejichunguza, na jawabu halinipendezi. Kama binti yule angejifunza bila alama, basi alama yangu ingekuwa ya bure. Ningelazimika kukiri kwamba niliumia bila sababu. Ni rahisi zaidi kumuumiza mwingine ili maumivu yangu yaendelee kuwa na maana. Nadhani mengi yanayoitwa malezi katika nchi hii, kuanzia fimbo za shuleni mpaka mateso ya mgeni kazini, yanasimama juu ya hofu hiyo ndogo.

Lakini nisiwe kama mhubiri aliyepata Biblia jana. Starehe peke yake haimfanyi mtu mwanamuziki. Wale wapiga jazi ambao Jazzmaster ilitengenezwa kwa ajili yao, wengi wao hawakuitaka, wakabaki na magitaa yao yenye tumbo wazi. Walioipokea walikuwa vijana wa ufukweni California, ambao fundi hakuwafikiria. Jaguar ilikoma kutengenezwa mwaka 1975 na Jazzmaster mwaka 1980, bei zake za mkononi zikaanguka, zikaokotwa na vijana wasio na fedha, nao wakazipenda hata zikarudi tena viwandani. Kwa hiyo huwezi kukaa mbali ukaamua ni mwili wa nani utastarehe. Kilichopinda kwa ajili yangu kinaweza kuwa kirefu mno kwa mwingine. Wajibu wetu ni mdogo kuliko kujua, na ni mgumu kuliko kujua: ni kuuliza, na kulisikia jibu bila kuonyesha kovu.

Hata riwaya yangu imeguswa. Kwa miaka mingi nimejisifu kwa washikaji kwamba sura za mwanzo niliziandika kwa koroboi, nimeinama juu ya kigoda kwa kuwa meza haikuwapo. Juzi nimezisoma upya. Ni sura mbaya. Mgongo uliuma, moshi uliingia machoni, na hakuna hata sentensi moja iliyonufaika. Kilichokuwa kinaniuma kwa haki, yaani kukaa na mhusika mpaka aseme ukweli, hicho nilikikwepa. Nilidhani mgongo umeshanilipia.

Juma lililofuata nililibeba gitaa lililopinda nikaenda nalo nyumbani kwa yule binti. Mama yake alinikaribisha kiti, hakunikaribisha chai, na ilikuwa haki. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kuuliza." Binti akaketi nalo. Bonde la nyuma lilimfaa. Shingo haikumfaa. "Ni ndefu, kaka, sifiki kule mwisho." Zamani ningemwambia atafika akikua. Safari hii nikamuuliza afanyeje. Akafikiri, akaenda uani akaleta tofali, akaweka mguu wa kulia juu yake, gitaa likapanda na shingo ikamsogelea. Mama akatoa kipande cha khanga kuukuu tukakifunga kuwa ukanda mfupi. Ilichukua karibu saa nzima. Hakuna noti iliyopigwa katika saa hiyo, lakini nathubutu kusema hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza nililowahi kufundisha.

Kisha akapiga. Alipiga kile kipande ambacho kwaya nzima inakikosea, akarudia, akarudia tena, mpaka jua likaanza kuzama na mama akaacha kuchambua mchele ili asikie vizuri. Mwishowe akasimama, akavipuliza vidole vya mkono wa kushoto. Ncha zake zilikuwa nyekundu.

"Vinauma, kaka."

Nikamwambia, "Hapo ndugu yangu, siwezi kukusaidia."

Akacheka, akaweka tena mguu juu ya tofali.